Injini Iliyotakiwa Kufika Koboko

Mwalimu wa Mota hakujua kuendesha gari. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililowachekesha watu wa Arua kuliko mengine yote, na mwenyewe alilisema bila haya, hata mbele ya wanafunzi wapya. Alijua kwa nini gari linakwenda, alijua kila kipande kilichomo ndani ya injini na kazi yake, lakini ukimweka nyuma ya usukani aliushika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga wa wenyewe, akafumba macho, akasema, "Toa mimi hapa." Kazini alikwenda kwa miguu. Sokoni alikwenda kwa miguu. Baiskeli alikuwa nayo, ila aliisukuma tu, ikiwa imebeba vyuma.

Alizaliwa wapi sijui, na sikuwahi kumuuliza. Nilimjua miaka ya sabini, nilipokuwa msichana pekee katika darasa lake la ufundi pale Arua, na jina la Mwalimu wa Mota nililikuta limeshamganda. Alikuwa mrefu, amepinda kidogo mabegani kwa kuinamia vitu, na mfukoni hakukosa chaki.

Shule ilimwajiri afundishe kutengeneza magari: breki, klachi, pancha, basi. Hayo aliyafundisha asubuhi, vizuri kabisa, bila kununa. Mchana ndipo alipofundisha alichokipenda, yaani injini inavyoundwa toka mwanzo: kuichora, kuijenga, kuijaribu.

"Kutengeneza, wewe nakuta kitu kwisha haribika," alituambia siku ya kwanza. "Mimi nataka wewe najua hii kitu tangu haiko."

Mkuu wa shule hakulipenda darasa hilo la mchana. Alikuwa mtu wa koti la kaki na maneno machache, mwenye shule nzima kichwani, na sikumwona kuwa mbaya hata wakati ule. Maduka ya vipuri yalikuwa yamefungwa tangu Wahindi walipofukuzwa, malori yalilala kando ya barabara yakingoja skrubu, na yeye alitaka vijana wa kuyafufua, si vijana wa kuchora. Siku moja akaingia karakanani, akamwambia Mwalimu mbele yetu sote:

"Nakupa mpaka mwisho wa mwaka. Injini yenu ikimbeba mtu kutoka hapa mpaka Koboko kwa nguvu zake yenyewe, darasa linabaki. Isipofika, mnarudi kwenye breki, asubuhi na mchana."

"Itafika," alisema Mwalimu.

Alijibu haraka mno. Injini yenyewe haikuwapo. Hata mchoro haukuwapo. Koboko kwa lori ilikuwa safari ya kupanda na kushuka kwenye barabara ya murami, udongo mwekundu wa changarawe, na lori lilifika likitweta. Tulimwangalia tukidhani atacheka, atasema ni mzaha. Yeye akachukua chaki akapiga magoti.

Alichora sakafuni, hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Karatasi, alisema, inamfanya mtu achore kitu kidogo kuliko kilivyo, kisha akishangae kitakapokuja kikubwa. Kwa hiyo kila kipande kilichorwa kwenye saruji kwa kipimo chake halisi, silinda, pistoni, mkono wa pistoni, na sisi tulifundishwa kupita pembeni tukiwa pekupeku. Mfagizi wa shule alikatazwa kuingia. Mkuu akipita alilazimika kuruka mistari, na aliiruka huku amekunja uso.

Lakini kabla ya mchoro kulikuwa na swali, na alituuliza kila mmoja: injini yako itambeba nani? Hakukubali jibu la "mtu". Mtu gani, mzito kiasi gani, akipanda kilima gani? Basi akaazima mizani ya muuza nyama, akaitundika mlangoni, akatupima mmoja mmoja tukining'inia kama mapaja ya ng'ombe. Wavulana walikaza misuli waonekane wazito. Aliyekuwa mwepesi kuliko wote nilikuwa mimi, na hivyo ndivyo nilivyopata udereva, si kwa akili wala kwa upendeleo. Uzito wangu akauandika sakafuni, akauongezea wa kigari tutakachokijengea injini na wa kilima, na kutoka hapo akatuonyesha jinsi ya kupata upana wa silinda na mwendo wa pistoni. Wavulana walinitania mwaka mzima kwamba injini ile ilishonwa kwa kipimo changu. Mimi nilifurahi sana, na sikuwaficha.

Masikio yake yalikuwa na sifa mji mzima. Ukimwambia injini inaenda, alikuwa na jibu moja: "Hapana ambia mimi inaenda. Ambia mimi inaenda namna gani." Ilikuwa lazima useme: inakohoa ikiwa baridi, inaruka pigo moja ikipanda, inalia kama filimbi upande wa kushoto. Ukisema "vizuri tu" alikuondoa, akamwita mwingine. Chuma kilichotoka kwenye moto alikigonga kwa kifundo cha kidole. Kikilia sawasawa alikipokea, kikilia kwa ukakasi alijua kina ufa hata kama jicho haliuoni.

Wanawake wa sokoni walilijua hilo kabla ya shule. Mwanamke akitaka kununua chungu, alimvizia Mwalimu akipita, akamvuta mkono: "Mwalimu, gonga hii." Naye aligonga. Wauza vyungu walimchukia siku alipokikataa chungu na kumpenda siku nyingine zote, kwa sababu chungu alichokipitisha kiliuzwa bila maneno. Mtu yule asiyevumilia redio, aliyeomba redio zizimwe kila nyumba aliyoingia, angesimama kwenye jua akigonga vyungu vya watu mpaka kifundo kikavimba.

Jinsi injini inavyopumua alitufundisha kwa miili yetu. Alimpanga mmoja katikati awe pistoni, wawili ubavuni wawe valvu, na mmoja nyuma apige kofi, huyo ni plagi. Pistoni anachuchumaa, valvu wa kwanza anafungua mkono: injini inavuta. Pistoni anainuka, mikono yote imefungwa: inabana. Kofi! Pistoni anasukumwa chini: imewaka. Anainuka tena, valvu wa pili anafungua: inatoa moshi. Mwanzoni tuligongana vichwa. Kisha mmoja wetu, Mnubi mwenzangu, akaanza kupiga ngoma kwenye debe kwa mwendo wa duluka, ngoma yetu ya arusi, na ghafla kila mtu akajua zamu yake. Mwalimu alipiga makofi kwa furaha. Mkuu akachungulia dirishani.

"Mwalimu, hii ni nini?"

"Bwana Mkuu, hii iko injini. Ingia, wewe nakuwa moshi."

Mkuu aliondoka. Tulicheka mpaka pistoni akashindwa kuinuka.

Kujenga kulikuwa kazi ya jasho. Silinda ilitoka kwenye lori lililokufa, tukaikata na kuikereza upya. Kile kipande chenye nundu kinachofungua valvu tulikichonga kwanza kwa mti wa mvule, tukakizungusha kwa mkono na kukirekebisha hadi valvu zilipofunguka kwa wakati wake, ndipo tukakifuata kwa chuma na tupa. Nafasi kati ya pistoni na silinda alitaka iingie karatasi ya kusokotea sigara, moja, bila kusukumwa. Karatasi hiyo kwetu kwenye nchi ya tumbaku haikosekani. Ikikwama, piga tupa tena. Ikicheza, umeharibu, anza tena. Niliwahi kuanza tena mpaka nikalia, naye akakaa kando yangu akisokota kamba hadi nilipochukua tupa mwenyewe.

Na kwenye chuma alikuwa hivyo: hakumwonea mtu haya. Mkwe wake mwenyewe angemletea boliti mbovu, angeirudisha. Kwa watu sasa, hakuwa na mfupa. Mtoto akimwomba andazi alilolishika alimpa, mzee akimpa habari ndefu alisimama hadi mwisho, mama akimkaribisha kula alikula hata kama ametoka kula nyumba ya pili. Yeye alikuwa Mkristo, lakini sikukuu ya Idi alizunguka nyumba zetu zote sisi Waislamu kwa sababu kila moja ilimwita, na jioni alilala chali akishika tumbo. Hali yake hiyo ndiyo iliyotuponza.

Pistoni ilihitaji madini mepesi. Mimi nikasema nyumbani, kwa maneno tu, kwamba darasa linatafuta alumini ya kuyeyusha. Mama yangu alikuwa muuza kisira, ile mikate yetu myembamba, na kahawa ya tangawizi, na kwake hakuna jambo linalokaa kuwa maneno tu. Akapita nyumba kwa nyumba. Baada ya siku chache wakaja shuleni wanawake wa mtaa wetu, msururu mzima, wamevaa nguo zao za gurbaba za sikukuu, na sufuria vichwani. Hawakuleta makuukuu. Walileta sufuria zinazong'aa, nyingine za arusi ambazo hazijaona moto, wakiimba na kupiga vigelegele. Kwetu mambo makubwa huchangiwa hivyo, na injini ya Koboko walikuwa wameshaihesabu kuwa jambo letu.

Mwalimu alisimama mlangoni. Nilimwona akiinua sufuria moja, akiigonga, uso wake ukibadilika. Alijua. Alumini ya sufuria ni laini, ikipata moto mkali huvimba kuliko inavyofaa. Pistoni huyeyushwa kutoka kwa pistoni nyingine kuukuu. Alitufundisha hilo yeye mwenyewe kwa chaki. Lakini mchango uliokuja na vigelegele haurudishwi mlangoni, hilo nalo alilijua.

"Asante, Mama," alisema. "Asante nyinyi yote. Hii iko mali nzuri."

Akazipokea zote. Akayeyusha. Nadhani alijidanganya kwamba ataongeza nafasi kidogo, karatasi mbili badala ya moja, na itatosha.

Jaribio la karakanani lilimsaidia kujidanganya. Alikuwa ametengeneza kifungio cha mbao cha kuubana mzingo wa lile gurudumu zito la injini, chenye mkono mrefu uliovuta mizani ya muuza nyama, ili nguvu ya injini isomeke kwa kilo. Mbao zilitoa moshi, mwenzetu mmoja alizimwagia maji, na muuza nyama alisimama hapo hapo akilalamika, "Mwalimu, nyama nangoja! Inzi nakula!" Injini iliwaka kwa mara ya kwanza katika kelele hizo. Iliwaka! Tulirukaruka, tukamkumbatia hata muuza nyama. Mwalimu alikuwa akisoma mizani huku machozi yanamtiririka, akisema ni moshi. Ila jaribio lilikuwa fupi, kwa sababu ya nyama, na injini haikupata joto la kutosha kusema ukweli wake.

Siku ya safari mji ulitoka. Kigari chetu kilikuwa na gurudumu moja mbele, mawili nyuma, injini chini ya kiti, na mimi juu yake nimejifunga shungi kwa nguvu. Mwalimu na Mkuu walifuata kwa gari la shule. Nilitoka Arua nikipungia watu mkono kama bibi arusi. Nilifika Aroi, hata nusu ya njia bado. Hapo, kwenye mwinuko, nikasikia mapigo yanakuwa mazito, kama mtu anayevuta pumzi kwa shida, na kabla sijazima, pistoni ikavimba, ikakaba silinda, kigari kikasimama palepale na mimi nikaendelea peke yangu mpaka kwenye shamba la muhogo.

Wenye shamba walinikung'uta vumbi, wakatusaidia kusukuma, wakatupa mahindi ya kuchoma. Mwalimu hakula. Mkuu hakumsimanga wala hakumcheka. Alisema tu, "Nilisema Koboko," na darasa la mchana likafungwa.

Kesho yake Mwalimu alikuja nyumbani kwetu. Alikunywa kahawa, akanywa nyingine, akauliza habari za kuku. Mama alimwangalia, akaniangalia mimi.

"Sufuria ndiyo iliharibu?"

Mwalimu akainamisha kichwa.

"Wewe alijua?"

"Mimi alijua, Mama."

"Ai, Mwalimu! Wewe iko mutu ya namna gani? Sufuria ya kupika wali, wewe naweka tumboni ya gari!"

"Mama, nyinyi alileta na kigelegele. Mimi nasema nini?"

Mama yangu alicheka hadi akashika ukuta. Akaita majirani, wakaja kusikia, wakacheka nao, wakamsema, wakamlisha. Yale madini aliyamimina upya, akawatengenezea miko na vijiko vya kupakulia, vizito, vizuri. Wanawake walivisifia kuliko sufuria. Lakini yeye nilimjua. Alipotoka mle ndani alitembea polepole, na kwa mara ya kwanza sikuona chaki mkononi mwake wala mfukoni. Iliniuma sana. Asubuhi zote zilizofuata alifundisha breki, na mchana alifundisha breki, kwa sauti ile ile ya upole.

Mimi nilimaliza, nikapata cheti, nikapata na kazi Koboko, kutunza injini ya mashine ya kusaga. Nikaolewa huko. Watu kutoka Midia na Kuluba waliniletea mahindi na muhogo, na baadaye waliniletea pia pikipiki zao. Kila habari ya Arua niliyoipata niliuliza: Mwalimu wa Mota anafundisha nini siku hizi? Jibu lilikuwa moja, breki. Ila dereva mmoja wa lori aliniambia kwamba likizo, shule ikiwa tupu, karakanani husikika mtu anapiga tupa.

Vita vilipotufikia mwaka wa sabini na tisa tulitawanyika, wengine Sudan, wengine Kongo, na tangu hapo sikumwona tena. Kwa hiyo ninayoyasimulia sasa ndiyo ya mwisho niliyo nayo, na yalitokea kabla ya hayo, siku ya soko Koboko.

Nilikuwa namimina mahindi ya mama mmoja kwenye mashine. Nikasikia injini inakuja kwenye barabara ya Arua, ya silinda moja, mapigo yake yamepangana. Haikuwa pikipiki. Niliacha mahindi yakimwagika, mama yule akanipigia kelele, nikatoka mbio.

Kilikuwa kile kigari. Aliyekiendesha alikuwa Mkuu wa shule. Koti la kaki limekuwa jekundu, nyusi zimejaa vumbi, meno yote nje kwa furaha. Nyuma yake, amekaa kinyumenyume, Mwalimu wa Mota, mwembamba kuliko nilivyomwacha, nywele nyeupe, kopo la maji mkono mmoja, na mkono mwingine ameuweka juu ya injini akiisikiliza.

Watu walituzunguka. Mkuu alizima, akashuka.

"Imefika," aliniambia mimi, kana kwamba nilikuwa namdai jibu. "Miaka yote hii nimeruka mistari yake ya chaki. Likizo hii nikaanza kumuuliza ni ya nini, nimekoma. Safari hii ameyeyusha pistoni za malori, na silinda ameipanua ibebe watu wawili. Akasema iko tayari ila hana dereva, na shuleni tulikuwa wawili tu." Kisha akageuka, akasema kwa sauti ya ofisini: "Mwalimu, nilisema ikifika Koboko darasa linabaki. Limerudi. Kuanzia muhula ujao, mchana ni wako."

Soko likashangilia hata bila kujua kinachoshangiliwa. Mimi nililia wazi wazi, nikamshika Mwalimu mikono yote miwili, nikamwita baba yangu, neno ambalo sikuwahi kumwambia. Yeye aliniangalia kwa macho yaliyojaa, akatabasamu, kisha akamtazama Mkuu.

"Bado," alisema.

"Bado nini?"

"Jaribio haijaisha. Sisi haijaona ndani." Akanigeukia. "Binti, leta spana. Leta na gunia safi."

Mkuu alishika kichwa. "Mwalimu! Unaifungua hapa? Tutarudi Arua na nini?"

"Basi ya Arua iko."

Nilitandika mfuko mtupu wa unga kwenye vumbi, mbele ya mashine yangu, na tukaanza kufungua injini iliyokuwa imefika Koboko. Ilikuwa ingali ya moto, vidole viliungua. Tulitoa kichwa, tukaivuta pistoni taratibu, Mwalimu akaizungusha kwenye kitambaa jua likiipiga pande zote. Haikuwa na mkwaruzo. Ringi zake zilikuwa zimeng'aa kwa usawa, na uso wake ulikuwa na rangi ya kahawa, mahali pote sawa. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, na nimezaa watoto. Mwalimu aliiweka ile pistoni, na kitambaa chake, katika viganja vya Mkuu wa shule.

Mkuu aliitazama kwa muda mrefu, akiigeuza kama alivyomwona Mwalimu akiigeuza. Kisha akanirudishia mimi, akavua koti, akalikunja, akapiga magoti kwenye vumbi kando yetu.

"Mimi nishike nini?" aliuliza.

Mwalimu akampa kopo la boliti, akamwambia asipoteze hata moja.